Kabla Hujafunga Tobaa, Tafuta Mzani

Wadogo zangu, leo tunaongea chuma. Mdogo wetu mmoja wa Mbezi anakodisha viti na mahema ya sherehe, na kila Jumamosi sehemu nzuri ya faida yake inaishia kwa wenye Kirikuu, zile pikapu ndogo za kukodi. Ana RAV4 ya mwaka 2008 iliyotoka Japani, bado ngangari. Ameona tela dogo linauzwa, na fundi wa jirani amemwambia alete gari asubuhi, jioni ataondoka na tobaa yake, kile chuma cha nyuma ya gari cha kuvutia tela. Sasa ananiuliza: Dada, nimwambie anichomelee ya aina gani?

Mdogo wangu, usimwambie akuchomelee ya aina yoyote. Hatujafika hata kwenye tobaa. Kwanza nataka unitafutie mzani, ule wa kupimia magunia, ukapime vitu vyako vyote kimoja kimoja na kuandika kwenye daftari.

Nasema hivyo kwa sababu mizigo ya sherehe inadanganya. Kiti cha plastiki unakinyanyua kwa vidole viwili, kwa hiyo akili inakihesabu kama si kitu. Lakini kiti cha kilo mbili na nusu, ukipanga 100, tayari una kilo 250. Tela lenyewe la chuma, likiwa tupu, tuseme nalo lina kilo 250. Umefika 500 hata hema hujapakia. Weka mahema na mabomba yake, kilo 200 haraka sana. Weka jenereta, kilo 80. Umefika 780. Na siku mteja akisema hakuna maji ukumbini, ukabeba simtanki la lita 500 likiwa limejaa, hiyo ni nusu tani nyingine, maana lita moja ya maji ni kilo moja. Fundi anayekuahidi tobaa ya jioni hajakuuliza hata moja kati ya haya. Ndiyo maana simwamini, hata kama mkono wake ni mzuri.

Ukishapata jumla yako, nenda kwenye gari. Viwanda huyapangia magari uzito wa mwisho wa kuvuta, na uzito huo hauangalii ukubwa wa bodi wala urefu wa gari kutoka ardhini. Mfano ni hiyo hiyo RAV4 yako. Umbo hilo la 2006 hadi 2012 lilipouzwa Marekani, lenye injini ya silinda 4 lilipewa pauni 1,500 tu, yaani karibu kilo 680. Lenye injini ya V6, likiwa limefungwa vifaa vya kuvutia kiwandani, lilipewa pauni 3,500, karibu kilo 1,590. Bodi ni moja, ila injini na upoozaji ni tofauti, na uwezo umezidiana zaidi ya mara mbili.

Sisi tunaonunua magari yaliyotumika Japani tuna tatizo letu. Wajapani wengi hawavuti matela, na kitabu kinachokuja ndani ya gari mara nyingi hakikupi namba ya kuvuta. Usichukulie ukimya huo kama ruhusa. Tafuta gari kama lako, mwaka huo huo, injini hiyo hiyo, giaboksi hiyo hiyo, lilivyouzwa Australia, Uingereza au Marekani, uone lilipangiwa kilo ngapi. Ukikuta nchi mbili zimetoa namba mbili tofauti, shika iliyo ndogo. Mvutano wako na gari utaumalizia kwenye mteremko, na huko namba ndogo ndiyo rafiki.

Halafu kuna namba nyingine ambayo wauza matela hawaipendi. Viwanda hutoa uzito wa aina mbili: wa tela lenye breki zake lenyewe, na wa tela lisilo na breki. Prado ya dizeli ya lita 2.8, yale matoleo ya mwisho ya umbo la 150, Australia ilipewa kilo 3,000. Tani tatu! Lakini soma mstari unaofuata: hizo ni za tela lenye breki. Lisilo na breki, Prado hiyo hiyo inaruhusiwa kilo 750 tu, mzigo na tela kwa pamoja. Ulaya nako, tela lenye uzito unaozidi kilo 750 likipakiwa sheria inalitaka liwe na breki zake. Sababu haihitaji kusomea. Unapokanyaga breki, gari linasimama kwa breki zake, tela lisilo na breki linakuja nalo kwa mgongo. Breki nne za gari zinasimamisha vitu viwili, na kile cha nyuma hakijafungwa kwa ugumu, kinazunguka kwenye kiungo. Kwenye lami iliyolowa kinaweza kukusukuma ukakaa barabarani kiubavu.

Matela mengi madogo yanayochomelewa kwetu hayana breki kabisa. Ukilichungulia chini utaona eksili, springi na magurudumu, basi. Kama jumla yako inapita kilo 750, tafuta tela lenye breki za msukumo: gari likipunguza mwendo, shingo ya tela inasukumwa ndani kidogo, inavuta kebo, na breki za magurudumu ya tela zinashika zenyewe. Na kama gari lako limepewa chini ya hapo, breki za tela hazitaliongezea injini wala kuipooza giaboksi. Kwa hesabu yako ya kilo 780, mdogo wangu wa Mbezi, RAV4 yako, kama ni ya silinda 4, imezidiwa. Gawanya mzigo safari mbili, au tela libebe viti tu na mahema yaende na Kirikuu. Najua si jibu ulilotaka. Lakini kulipa Kirikuu moja badala ya mbili ni faida tayari, na gari litabaki lako miaka mingine mingi.

Sasa tuje kwenye tobaa yenyewe.

Nunua iliyotengenezwa kwa ajili ya gari lako, umbo na mwaka. Kariakoo Gerezani, au Kirinyaga Road kama uko Nairobi, utaonyeshwa nyingi, na muuzaji atakwambia hii inaingia magari yote. Tobaa inayoingia magari yote maana yake itatobolewa na kukatwa mpaka ilingane na lako, na hapo uimara wake umeshakuwa bahati nasibu. Ile ya kweli ina kibao kidogo cha chuma chenye namba. Kwa zile za viwango vya Ulaya utaona herufi D na herufi S. S ndiyo kilo zinazoruhusiwa kukandamiza kichwa cha tobaa kwa juu, na namba hiyo tutaihitaji sasa hivi. Tobaa isiyo na kibao, iliyopakwa rangi nyeusi mbichi bado inanuka, iache hapo hapo.

Kwa nini nakataa kuchomelea? Prado, Land Cruiser na Hilux Surf zina chesisi ya peke yake, yale mabomba mawili mazito yanayotoka mbele mpaka nyuma. RAV4, Harrier, X-Trail na Forester hazina. Bodi yenyewe ndiyo chesisi, imetengenezwa kwa bati lililokunjwa na kuunganishwa kwa mahesabu. Sehemu nyingi za bati hilo ni chuma kigumu ambacho ugumu wake umetokana na kiwanda, na moto wa kuchomelea unaulegeza pale pale ulipogusa. Kwa macho utaona mshono mzuri. Ufa utaanzia pembeni ya mshono, ndani, ambako hakuna anayeangalia. Halafu ukienda kwa fundi mwingine kutafuta kasoro, atakwambia tobaa iko salama, kwa sababu kweli tobaa iko salama. Kilichochoka ni gari.

Njia sahihi ni bolti. Nataka ujue kazi inavyokwenda ili ukikaa pale gereji ujue unaangalia nini, na tafadhali kaa, usiache gari ukaenda sokoni. Kwenye RAV4 na magari ya aina yake, fundi anatoa bampa la nyuma. Nyuma yake kuna boriti la chuma la kupokea mgongano, tobaa nyingi hukaa mahali pa boriti hilo au pamoja nalo. Kulia na kushoto, mwishoni mwa sakafu ya gari, kuna mihimili miwili, na ukiisogelea utaona vifuniko vya mpira au vya plastiki vimeziba matundu. Hapo ndipo kiwanda kilipotarajia tobaa ingefungwa. Mara nyingi nati zimo humo humo zimeshabanwa. Zikiwa zimeingia tope na kutu, fundi mzuri atapitisha kifaa cha kusafisha nyuzi kwanza; fundi wa haraka atalazimisha bolti kwa spana ndefu mpaka nati ing'oke ndani ya mhimili, na hapo ndipo utaanza kusikia habari za kutoboa na kuchomelea.

Geuza bolti uangalie kichwa chake kabla haijaingia. Iwe imegongwa 8.8 au 10.9. Namba hizo zinaonyesha ugumu wa chuma. Bolti isiyo na namba ni ya geti na kitanda, irudishe. Kila bolti inakazwa kwa spana ya kupimia mkazo, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye karatasi ya tobaa. Kama gereji haina spana hiyo, una haki ya kuuliza kwa upole gereji gani wanayo. Mahali popote palipokwaruzwa rangi papakwe dawa ya kutu siku hiyo hiyo, hasa sisi tunaokaa na upepo wa bahari. Baada ya safari ya kwanza rudi bolti zikaguliwe, kisha tena baada ya kilomita kama 1,000, maana rangi iliyobanwa katikati ya vyuma hupungua na bolti hupata nafasi.

Kwa RAV4 ya umbo lako kuna jambo dogo linalosahaulika: mlango wa nyuma unafunguka kwa ubavu, haunyanyuki. Mwambie fundi aufungue mpaka mwisho kabla hajamaliza, tela likiwa limefungwa. Usipoangalia, mlango utagonga mpini wa gurudumu la shingo ya tela, na utaligundua siku umebeba masufuria ya wateja.

Kichwa cha tobaa nacho kina saizi. Huku kwetu utakutana sana na cha milimita 50. Vitu vilivyotoka Marekani huwa vya inchi 2, ambayo ni milimita 50.8. Macho hayaoni tofauti hiyo, chuma kinaiona. Kikombe cha inchi 2 kwenye kichwa cha 50 kinacheza, na kila shimo la barabara kinakula kidogo. Saizi imegongwa kwenye kikombe na kwenye kichwa, zisome zote mbili, zilingane. Urefu kutoka ardhini pia: kwa viwango vya Ulaya katikati ya kichwa panatakiwa pawe kati ya milimita 350 na 420 gari likiwa limepakiwa, na tela likae sawa, lisiinue pua wala lisiinamishe.

Minyororo ya usalama iwe miwili, ipishane chini ya shingo, wa kulia uende kushoto na wa kushoto uende kulia. Kikombe kikichomoka, shingo inadakwa na huo mpishano badala ya kuchoma lami. Minyororo ifungwe kwenye tobaa, kamwe isifungwe kwenye bampa, na iwe na urefu wa kutosha kukata kona bila kuburuza chini.

Umeme mpe fundi umeme wa magari, si yule yule aliyekaza bolti, labda awe anazijua kazi zote mbili kweli. Soketi ya kawaida ina pini 7: indiketa ya kushoto na ya kulia, taa za nyuma za kila upande, taa za breki, taa ya ukungu, na waya wa ardhi. Nusu ya matatizo ya taa za tela yanatokana na huo waya wa ardhi kuungwa kwenye bati lenye rangi au kutu. Ukiona ukiwasha indiketa na taa za breki zinapepesa, mwambie aanzie hapo. Asikate waya za gari na kuzisokota kwa mkono kisha akafunga selotepu. Mvua moja ya masika inatosha kuziozesha. Magari ya karibuni hukagua taa zake kwa kompyuta, yakiona mzigo wa umeme usiojulikana yanawasha taa ya onyo au yanakata kabisa, kwa hiyo kwa hayo kunahitajika kisanduku cha kati kinachochukua umeme wake moja kwa moja kutoka kwenye betri, chenye fyuzi yake. Kabla hujalipa, simama nyuma ya tela mwenyewe, mtu awashe kimoja kimoja.

Kwa wenye boti za kuteremsha ufukweni: chomoa plagi ya taa kabla tela halijagusa maji ya chumvi.

Turudi kwenye ile namba ya S. Tela lililopakiwa linatakiwa likandamize kichwa cha tobaa, ila kwa kiasi. Wamarekani hulenga asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela; Ulaya hutumia karibu nusu ya hapo, kwa sababu tobaa zao huruhusu S ndogo, mara nyingi kati ya kilo 75 na 100. Kama tela lako lina kilo 600, kilo 50 au 60 shingoni ni mahali pazuri pa kuanzia, mradi S ya tobaa na kiwango cha gari vinaruhusu. Unapimaje? Tafuta mzani wa kawaida wa kupimia uzito wa mwili. Tela likiwa limepakiwa, kwenye ardhi sawa, magurudumu yakiwa yamewekewa vigingi, kata kipande cha mbao chenye urefu wa kichwa cha tobaa kutoka ardhini, ukitoa unene wa mzani, kisimamishe juu ya mzani, kikombe cha tela kikalie juu ya mbao, usome. Dakika kumi tu.

Ukikuta shingo ni nyepesi mno, maana yake umepakia vizito nyuma ya eksili, na hapo ndipo tela linapoanza kuyumba kama mkia wa mbwa. Vitu vizito viwe juu ya eksili na mbele yake kidogo: jenereta katikati, mabomba ya mahema chini, viti juu, na vyote vifungwe kamba ili breki isivihamishe. Tela likianza kuyumba ukiwa njiani, usikanyage breki kwa ghafla, usiongeze mafuta ukidhani utaliacha nyuma, wala usipigane na usukani. Achia mafuta, shika usukani ulionyooka, gari lipungue lenyewe. Likitulia, simama pembeni upange mzigo upya. Na kumbuka kwamba zile kilo za shingoni ni mzigo wa gari, zihesabu pamoja na abiria na vitu vya kwenye buti.

Wenye Prado mnaosoma hapa mkitabasamu, nina neno nanyi. Chesisi mnayo na nguvu mnayo, lakini giaboksi ya otomatiki inachemka kimya kimya. Kupandisha Kitonga au kutoka Mai Mahiu na tela zito, mafuta ya giaboksi yanapata joto ambalo geji ya maji ya injini haikuonyeshi. Badilisha mafuta hayo mapema kuliko kitabu kinavyosema, ondoa gia ya juu unapopanda ili giaboksi isirukeruke, na kama kuvuta ni kazi ya kila wiki funga kipoozeo cha ziada. Kushuka, teremsha gia kabla ya mteremko kuanza, injini ikusaidie kushika. Mkitegemea breki peke yake zitapata moto na kanyagio litazama.

Makaratasi hayapendezi ila yafanyeni. Tela husajiliwa na kupata namba yake lenyewe; Kenya namba hizo huanza na Z. Ijulishe kampuni ya bima, kwa maandishi, kwamba gari limefungwa tobaa na litavuta tela la biashara. Mwulize pia ofisa wa leseni kama daraja la leseni yako linakuruhusu, kabla trafiki hajakuuliza yeye.

Wengine mmeniambia hamna mpango wa kuvuta chochote, mnataka tobaa tu ili bodaboda zisiwagonge nyuma. Mimi sipendi. Bampa na lile boriti la nyuma yake vimeumbwa vibonyee vipokee kishindo. Tobaa iliyotokeza inakipeleka kishindo chote moja kwa moja kwenye mihimili ya gari, na kijana wa bodaboda au mtoto anayepita nyuma ya gari anavunjika mguu kwa kitu usichokuwa unakihitaji. Kama tobaa yako ni ya kuchomoa kichwa, kichomoe kila unaposhusha tela, kipake grisi na ukiweke ndani ya gari.

Na kwa aliyeniuliza kama kichwa cha tobaa kinafaa kumvutia jirani aliyekwama matopeni: hapana, hata mara moja, hata kwa kamba mpya. Kichwa kile kimepimwa kwa tela linalobingirika. Kamba ikivutwa kwa nguvu ya kushtukiza kinaweza kukatika shingoni na kuruka kama risasi, na Australia kimeshaua watu kwa namna hiyo, wakiwemo waliokuwa wamekaa ndani ya gari. Pete nyingine mnazoziona chini ya magari yetu ni za kufungia gari melini lisitembee, nazo hazikupangiwa kazi hiyo. Tumia sehemu ambayo kitabu cha gari lako kimeitaja kuwa ya kukokotea, watu wote wakae mbali na kamba, weka koti zito au mkeka juu ya kamba katikati, uvute taratibu. Ikishindikana, chukueni majembe mchimbe matope mbele ya magurudumu, au mumwite mwenye trekta.